Shangazi, sosholojia itanisaidia nini mimi mtu wa jimu?

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni kijana wa miaka 23, nasoma sosholojia, yaani elimu ya jamii, kwenye chuo kimoja hapa Dar es Salaam, namaliza mwaka wa pili. Alfajiri kabla ya vipindi na jioni nikitoka chuo nafundisha mazoezi kwenye jimu moja huku Temeke. Tuko ghorofani, chini yetu wanauza nondo na saruji. Nilianza kwa kufagia na kupanga vyuma, leo nina wateja wangu na wananiita kocha. Kazi hii naipenda, na niseme ukweli, naipenda kuliko chuo.

Shida ni hii. Bosi wangu anafungua tawi la pili na anataka nilisimamie, ila kwa sharti niwe pale kutwa. Mshahara utatoka laki mbili na nusu mpaka laki nne na nusu. Anasema chuo niachane nacho, nikachukue cheti cha ukufunzi wa mazoezi cha miezi sita, naye atanilipia nusu. Mjomba wangu, ambaye ndiye anamalizia ada pale mkopo unapoishia, hataki hata kusikia. Hataki jimu, na sosholojia nayo haitaki. Angependa ningesoma famasia. Kila nikimpigia ananiuliza, "Hiyo sosholojia utaila?" Pale jimu nako wenzangu wananiita Profesa. Siku moja nikawaambia tumesoma habari za Durkheim, mmoja wa waasisi wa sosholojia, wakauliza ananyanyua kilo ngapi.

Na mimi mwenyewe, Shangazi, uhusiano siuoni. Mchana nazungumza tabaka, jinsia, taasisi, mamlaka. Jioni nazungumza magoti, mapaja na pumzi. Naona kama watu wawili tunaoishi chumba kimoja bila kusalimiana.

Ila kuna kisa kimoja hakinitoki. Mwezi wa tatu alikuja mama mmoja, miaka hamsini hivi, katumwa na nesi wa kliniki ya sukari afanye mazoezi. Alivaa suruali ya michezo ya mwanawe, juu akajifunga kanga. Alilipia mwezi mzima. Siku ya pili alikuwa anasinzia hukohuko amesimama, napiga filimbi hasikii, nikamwambia mbele ya watu, "Mama, huo ni uvivu!" Watu wakacheka, naye akacheka. Siku ya tatu akaja. Baada ya hapo sikumwona tena. Wiki mbili baadaye natoka nyumbani saa kumi alfajiri kwenda kufungua jimu, nikamkuta stendi ameinamia chuma cha vitumbua, moto unamwakia usoni, ndoo mbili zimeshajaa. Nikamuuliza ameamka saa ngapi, akasema saa saba. Akanifungia vitumbua viwili kwenye gazeti, nikatoa hela, akakataa. Akasema, "Kula, kocha. Uvivu wangu huo."

Wala hakuwa na hasira. Ndicho kinachoniuma.

Niache chuo nichukue tawi? Au nihamie kozi nyingine? Nisaidie.

Kocha asiyelala, Temeke

*

Marahaba mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya pili nilianzia kwenye vitumbua, maana mengine yote uliyoandika yamo humo.

Jibu fupi nalitoa kwanza ili usisome roho juu: chuo usiache. Umebakiza mwaka mmoja. Tawi lifunguliwe lisifunguliwe, mwaka huo utapita tu, na kurudi darasani ukiwa na miaka 30 na watoto wawili si jambo dogo. Walioniambia "nitarudi, Shangazi" ni wengi. Waliorudi nawahesabu kwa vidole vya mkono mmoja na kimoja kinabaki. Lakini sitaki ubaki kwa ajili ya karatasi tu. Baki kwa sababu hicho unachosoma ndicho kinachokosekana kwenye jimu yako, na kwenye jimu nyingi za mji huu.

Unasema uhusiano huuoni, halafu ukaniandikia uhusiano wenyewe aya nzima. Nesi alimwona mama mwenye sukari. Wewe ulimwona mama anayesinzia. Mpaka ulipokutana naye stendi ndipo ulipomwona mtu aliyeamka saa saba usiku, aliyesimama kwenye moto kwa karibu saa tatu, mwenye ndoo za kumaliza kabla jua halijapanda, na pengine ana wajukuu wanaomngoja nyumbani. Ulipojiuliza "kumbe?" ulikuwa unafanya sosholojia, tena ile ya kazi hasa, siyo ya mtihani.

Nikuambie na langu, ili usidhani nakusema wewe tu. Kabla sijaanza kujibu barua za watu nilifanya kazi ya maendeleo ya jamii miaka ishirini na kitu. Katika kata moja tulianzisha mazoezi ya kina mama, maana presha ilikuwa imewaandama. Tukapata kiwanja, tukapata kijana wa kufundisha, spika, maji ya kunywa. Siku ya kwanza walikuja arobaini. Wiki ya pili kumi na mmoja. Wiki ya tatu wawili, na mmoja wao ni mimi. Nikaandika kwenye ripoti: "Mwitikio mdogo kutokana na uelewa mdogo wa wananchi." Sentensi ile naionea haya mpaka leo. Jirani yangu ndiye aliyenifumbua macho, tena tukiwa tunachambua mchele: "Kiwanja chenyewe kinatazamana na kijiwe cha bodaboda. Nani akainue mguu pale?" Tukahamia uani kwa shule ya msingi, ndani ya ukuta, saa kumi jioni watoto wakishatoka, na wenye wadogo wakaja nao wakacheza pembeni. Walirudi. Elimu sikuwaongezea hata chembe. Nilibadilisha ukuta na saa.

Kigali wanafanya jambo la aina hiyo kwa ukubwa wa jiji. Tangu 2016 siku maalumu za Jumapili wanafunga barabara kwa magari, watu wanamiminika kukimbia, kutembea, kuendesha baiskeli. Raha ya kukimbia watu walikuwa nayo siku zote. Nafasi ndiyo iliyokuwa imekaliwa na magari.

Sasa nikupe kisa cha kuwapa wale wanaouliza Durkheim ananyanyua kilo ngapi. Mwaka 1953 daktari wa Uingereza, Jerry Morris, na wenzake walichapisha matokeo ya kuwachunguza wafanyakazi wa mabasi ya London, yale ya ghorofa. Dereva amekaa kutwa. Kondakta anapanda ngazi na kushuka akikata tiketi. Watu wa kampuni moja, wa hali moja ya maisha. Wakakuta madereva wanaugua moyo zaidi kuliko makondakta, na ukiwapata unawaua upesi zaidi. Hapo kila mwalimu wa mazoezi anapiga makofi, na kweli utafiti ule ni moja ya misingi ya kazi yako: ulisaidia kuwafanya madaktari waanze kuuliza mtu anajishughulisha vipi, wasiishie kuuliza anakula nini.

Lakini mimi nampendea Morris kwa alichofanya baadaye. Walikwenda kuangalia sare, na mwaka 1956 wakachapisha walichokiona. Kampuni ilikuwa inawashonea wafanyakazi suruali, kwa hiyo vipimo vya viuno vilikuwepo kwenye kumbukumbu. Wakakuta madereva wana viuno vikubwa kuliko makondakta hata wale wenye umri mdogo. Swali likageuka. Je, kiti ndicho kilichowanenepesha, au walioelekea kwenye kiti walikuwa tayari watu wa umbo fulani? Mtu mwingine angezificha zile suruali asiharibu hadithi yake nzuri. Yeye akazichapisha. (Na usikimbilie kuandika kwamba konda wa daladala naye ana moyo wa chuma. Yeye ngazi hapandi, ananing'inia mlangoni, anakula akibahatika, na moshi wote wa Mandela Road unapita kifuani mwake.)

Ukishakielewa kisa cha suruali, rudi jimu kwenu uangalie zile picha za kabla na baada. Najua zipo, kila jimu inazo. Waliopo ukutani ni nani? Ni waliobaki. Walioondoka hawana picha. Kwa hiyo bosi anaamini jimu yake inawapunguza watu tumbo, kumbe inawezekana inawachuja tu: mwenye muda, mwenye usafiri, mwenye mtu wa kumpikia jioni anabaki mpaka apigwe picha, na mama wa vitumbua anapotea kimya kimya na ada yake ya mwezi.

Hapo ndipo ninapotaka ukae, kwa sababu hapa kuna utafiti wako wa mwaka wa tatu, na kuna hela ya bosi wako.

Jimu yenu ina daftari la mahudhurio. Kama mnasaini, mna hazina. Omba ruhusa ya bosi kwa maandishi, mweleze na msimamizi wako chuoni, kisha kaa nalo jioni mbili tatu. Majina ya watu usiyanukuu, wape namba. Angalia mtu anapotea wiki ya ngapi. Angalia wanaopotea ni wanawake au wanaume, wa asubuhi au wa jioni. Angalia Januari shule zikifunguliwa inakuwaje, na masika, na Ramadhani, na tarehe za katikati ya mwezi mifuko ikishakauka. Baadaye watafute kumi walioacha, sio waliobaki, ukae nao pale walipo: dukani, kijiweni, jikoni. Usiwaulize "kwa nini uliacha mazoezi?" Swali hilo linamfanya mtu ajitetee, atakujibu "uvivu tu, kocha," kama yule mama alivyokujibu, na utaondoka na jibu ulilokwenda nalo. Sema "nieleze jana yako, tangu ulipoamka." Mwache azungumze. Ndani ya jana ya mtu mna kila kitu.

Sitakutabiria utakachokuta, lakini nakuambia nilichokiona mimi katika kuzunguka kwangu. Watu wanaopata hela kwa siku mnawatoza kwa mwezi. Muuza samaki hana elfu 40 kwa mkupuo, ana elfu 2 leo na elfu 1 kesho. Upatu anaucheza bila kukosa kwa sababu upatu unafuata mfuko wake. Jingine: mnapenda kuunda vikundi vipya wakati vikundi vipo. Mtaa mzima una vikoba. Kina mama wanakutana kila wiki siku ileile, saa ileile, wanajuana, wanaaminiana na hela, na asiyefika anatafutwa. Ukimwomba mwenyekiti dakika 30 kabla hawajafungua sanduku, umepata darasa ambalo bosi wako angetumia milioni za matangazo kulikusanya. Watu wa vilabu vya jogging wamelijua hili zamani bila kusoma kwa mtu. Hebu waangalie Jumapili alfajiri, fulana zimefanana, wanaimba. Mmoja akifiwa wanachanga. Mmoja asipotokea Jumapili mbili, anagongewa mlango. Unadhani wanaamka saa kumi na moja kwa ajili ya mishipa ya moyo? Durkheim mwaka 1897 aliandika kitabu kizima kuonyesha kwamba hata jambo la siri kama mtu kujiua linafuatana na jinsi alivyofungamana na wenzake. Kuamka kukimbia itashindikanaje?

Kuhusu mwili wenyewe, magoti na mapaja, nako sosholojia imo. Durkheim alikuwa na mpwa, Marcel Mauss, mtoto wa dada yake. Yaani Mauss naye alikuwa na mjomba anayemsimamia masomo, kwa hiyo hauko peke yako. Mwaka 1934 huyu Mauss alitoa mhadhara kuhusu namna kila jamii inavyoufundisha mwili: kutembea, kuogelea, kulala, kuchuchumaa. Alisema kuchuchumaa mtoto yeyote anakuweza, ila wakubwa wa kwao wamekupoteza. Vitani aliwaona askari wa Australia wakipumzika juu ya visigino vyao, na yeye Mfaransa ikambidi asimame.

Wewe unafundisha skwati kila siku. Nimekaa kwenye benchi la jimu moja, goti langu likiwa bovu, nikamsikiliza kijana akiwapigia kina mama kelele: "Rudisha makalio nyuma, mgongo unyooke, goti lisipite kidole!" Wanamtazama tu. Mwanangu, waambie: shuka kama unakwenda kukalia mbuzi ya kukunia nazi, halafu usiikalie. Watacheka kwanza, kisha watashuka sawasawa, kwa sababu mwili wao umefanya hivyo tangu wana miaka saba. Mwenye kutwanga anajua kunyanyua juu ya kichwa. Mchota maji anajua kukaza kiuno. Halafu utakuta mhasibu wa miaka 30 aliyelelewa kwenye kiti hawezi kabisa kushuka, visigino vinainuka kama kavaa mchuchumio. Huyo ndiye anayehitaji mwezi mzima wa kufundishwa jambo ambalo muuza vitumbua analifanya akiosha sufuria. Nani basi kati yao ni mvivu?

Jambo jingine ambalo kitabu cha misuli hakitakuambia ni maana ya kukonda. Tangazo lenu nina hakika limeandikwa "Punguza uzito". Kwa kijana wa Masaki hiyo ni ahadi. Kwa mwanamke wa makamo aliyeolewa uswahilini inaweza kuwa tishio. Akipungua kilo sita wifi atauliza "kulikoni, mbona umekwisha?" Mume ataambiwa hamlishi mkewe. Na sisi tulioishi miaka ya themanini na tisini tunakumbuka kukonda kulimaanisha nini. Uganda ugonjwa wenyewe waliuita "slim" kabla dunia haijaelewa ni UKIMWI. Kumbukumbu hiyo haijafa, imekaa kwenye macho ya watu. Na kitambi cha baba mwenye nyumba bado wapo wanaokisoma kama cheti cha mafanikio. Mteja wa namna hii usimpime kwa mizani peke yake. Mpime kwa ngazi zenu hizo za ghorofani: mwezi wa kwanza alipumzika mara ngapi, mwezi wa pili mara ngapi. Presha yake ilisomaje kliniki. Hivyo anaweza kwenda kumsimulia wifi yake kwa fahari.

Kama utataka kwenda kwenye maofisi, na siku hizi kampuni zinaita walimu wa mazoezi, kumbuka utafiti wa watumishi wa serikali ya Uingereza, ule wa Whitehall ulioanza 1967. Waliwafuatilia wanaume zaidi ya 17,000, wote wana ajira, hakuna aliyelala njaa. Wa ngazi za chini kabisa, matarishi na mabawabu, walikufa kwa ugonjwa wa moyo zaidi ya mara tatu ya wakubwa wa juu, na sigara na presha zilieleza sehemu tu ya tofauti hiyo. Katikati nako kila ngazi ilikuwa na hali mbaya kuliko iliyo juu yake. Siku meneja atakapokuita ufundishe wakuu wa idara saa sita mchana, muulize mlinzi na mfanya usafi wanaingia saa ngapi. Atashtuka kidogo. Kocha mwingine hatamuuliza hivyo, na hapo ndipo utakapoanza kuonekana tofauti.

Sasa nikushike sikio upande wa pili. Sosholojia haitakuambia la kufanya mtu akishika kifua katikati ya zoezi. Haitakuambia kwamba mgonjwa wa sukari anayejidunga insulini akija bila kula anaweza kuanza kutetemeka na kutoka jasho jembamba, na kwamba sukari au soda yenye sukari lazima iwepo karibu. Huna anatomia ya kutosha, usijidanganye kwa sababu watu wanakuita kocha. Kwa hiyo cheti cha bosi sikikatai. Nakataa tu kikuondoe chuo. Tafuta kinachosomwa jioni au likizoni, uliza kwanza kama chuo kinachotoa kimesajiliwa NACTVET, baraza la serikali linalosimamia vyuo vya ufundi, na kama ndani yake mna huduma ya kwanza na kazi za vitendo, siyo picha na fulana tu. Wako vijana wamelipa hela nzuri wakapewa karatasi lenye muhuri wa dhahabu lisilotambuliwa popote. Na mgonjwa yeyote mwenye presha, sukari au moyo, ujue daktari wake amesema nini kabla hujampigia filimbi.

Bosi usimjibu "hapana". Mwambie akupe miezi kumi na miwili: tawi jipya ulisimamie alfajiri na mwisho wa wiki, awepo mwingine mchana, na wewe umletee ripoti ya kwa nini wateja wanapotea. Mfanyabiashara anayeonyeshwa mahali hela inapovujia huwa anasikiliza. Akikataa kabisa, basi atafute msimamizi mwingine, utapoteza laki mbili kwa mwezi kwa mwaka mmoja. Ni hela, sitakudanganya kwamba si hela. Lakini anayekutaka uache chuo ili umsimamie duka lake amefikiria duka lake.

Mjomba naye mheshimu, ndiye analipa. Anaogopa utakaa nyumbani na bahasha. Usimweleze Durkheim. Mweleze kwamba tangazo la kazi la Afisa Maendeleo ya Jamii huwa linaitaja sosholojia miongoni mwa shahada zinazokubalika. Mwambie taasisi za utafiti wa afya, kama ile ya Ifakara, zina watu wa sayansi ya jamii wanaokwenda kuzungumza na wagonjwa vijijini, na kwamba magonjwa yanayowasumbua watu wa rika lake, presha na sukari, yanahitaji mtu anayejua mwili na anayejua watu. Ila usimwahidi kwamba neno sosholojia peke yake litakupatia kazi. Halitakupatia. Hakuna jimu itakayoandika mlangoni "anatafutwa mwanasosholojia". Utaajiriwa kwa kuonyesha daftari lile, lile darasa la kikoba, na wale kina mama kumi na watano ambao mwezi wa nane bado wanakuja.

Kuhamia kozi nyingine sikushauri, utaanza upya na mkopo utakusumbua. Kama baadaye utataka kusoma afya ya jamii ngazi ya uzamili, anza sasa hivi kusoma vigezo vya vyuo, na alama zako zisishuke. Utafiti wa daftari ukiufanya vizuri utakusaidia hapo pia.

Na lala, mwanangu. Umejiita kocha asiyelala, halafu ulimkaripia mama kwa kusinzia.

Keshokutwa pita stendi saa kumi. Nunua vitumbua vinne, na safari hii hakikisha hela anaipokea. Mwombe radhi kwa neno lile, kwa sauti, hata kama kuna wateja wamesimama, maana ulilisema mbele ya watu. Mambo ya jimu usimtajie. Muulize tu ndoo ya mwisho humwishia saa ngapi, na akifika nyumbani huwa anafanya nini kwanza.